Kisima cha Addington na daftari la bwana afya

Baba aliponiona kwenye simu nakinga maji bombani na kuyanywa papo hapo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huko hamchemshi?"

Nikamjibu kwamba hatuchemshi. Naishi Croydon, kusini mwa London, na huku watu wanakunywa maji ya bomba kama yalivyotoka.

"Nani kakuhakikishia?"

Angeuliza mtu mwingine, ningechukulia ni wasiwasi wa mzazi. Lakini baba yangu alikuwa bwana afya mkoani Mwanza kwa zaidi ya miaka 30. Lile lilikuwa swali la kazi, na alitaka jibu la kazi. Mimi sikuwa nalo. Nilikuwa nimekunywa maji ya mji huu miaka sita bila kujiuliza yanatoka wapi wala nani anayalinda. Nikamwambia, "Nitakutafutia, baba." Ninayoandika hapa yametokana na ahadi hiyo.

Wengi mnamkumbuka bwana afya kama mtu wa kukagua vyoo na kufunga migahawa, yule ambaye mama ntilie wakimwona kwa mbali wanaharakisha kufunika masufuria. Ni kweli, hiyo ilikuwa sehemu ya kazi yake. Ila mimi ninayemkumbuka zaidi ni yule wa alfajiri, amekaa sebuleni kabla ya chai na kiboksi cheusi cha kupimia klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji kuua vijidudu. Ubavuni kiliandikwa kwa herufi ndogo: Salisbury, England. Ndani mlikuwa na vichupa viwili vya kioo na kisahani cha rangi kinachozungushwa kwa kidole. Alijaza maji ya bomba kwenye vichupa vyote viwili, kimoja akatia kidonge kidogo cheupe, akakisaga kwa kijiti, akafunika, akatikisa. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo. Hapo aliinua kiboksi kuelekea dirishani na kuzungusha kisahani mpaka rangi za pande mbili zilingane, kisha akasoma namba: miligramu 0.2 kwa lita, 0.3, siku njema 0.5. Siku ambayo maji yalibaki kama yalivyokuwa, hakunywa chai. Alivaa viatu akatoka.

Namba ile aliiandika kwenye kauntabuku aliyoipiga mistari kwa rula, safu nne: tarehe, mahali, klorini, na ya mwisho, kwa wino mwekundu, "Nimemwambia nani". Utotoni niliona safu hiyo ya nne ni ya ziada tu, ukaidi wa mtu mzima anayependa karatasi. Sababu yake nitaieleza.

Basi nilipokaa kutafuta habari za maji ya Croydon, nilianza pale ambapo baba angeanzia: taarifa za mganga mkuu wa mji. Uingereza ilikuwa na cheo hicho tangu karne ya 19, na sheria ya mwaka 1872 ilizilazimisha halmashauri zote kuwa na daktari wa aina hiyo. Hakuwa daktari wa kuandika dawa. Mgonjwa wake alikuwa mji mzima. Chini yake walikuwepo wakaguzi wa usafi, ambao ndio mababu wa bwana afya wetu, na kila mwaka aliwaandikia madiwani taarifa: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa na kwa nini, maji yakoje, mitaro ikoje, nyumba zipi hazifai kukaliwa na binadamu, maziwa gani yamekutwa yametiwa maji. Maktaba ya Wellcome ya London imeziweka mtandaoni zaidi ya 5,000 za eneo la jiji hili na viunga vyake, kuanzia 1848 hadi 1972, na yeyote anaweza kuzisoma bure. Nilizisoma usiku baada ya zamu, wiki kadhaa mfululizo. Na ukishaanza kuisoma Croydon, huchukui muda kabla hujaukuta mwaka 1937.

Croydon ya wakati huo usiipigie picha ya mji mchafu. Ilikuwa manispaa yenye watu zaidi ya 230,000, na ingawa bado ilihesabiwa kuwa ya jimbo jirani la Surrey, wakazi wake wengi walipanda treni kila asubuhi kwenda maofisini London. Upande wa kusini kulikuwa na nyumba mpya za matofali zilizogawanywa mbilimbili, kila moja na bustani yake, bafu lake na choo cha ndani. Kiwanja kikuu cha ndege cha London kilikuwa hapa hapa Croydon. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilizindua kutoka hapa safari yake ya Afrika, na mwisho wa safari hiyo, ambako barua zilishushwa, ulikuwa Mwanza. Nilipomsomea baba sehemu hii alinikatiza: "Mwanza yetu hii?" Mwanza yetu hiyo hiyo, baba.

Mji ulijivunia maji yake. Mwaka 1851 Croydon ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa Uingereza kupata maji ya bomba na mitaro ya maji taka kwa pamoja, chini ya sheria ya afya ya umma ya 1848. Maji yalitoka chini ya ardhi, kwenye mwamba wa chaki. Chaki hunywa mvua kama sifongo na kuichuja taratibu, na maji yanayopandishwa kutoka humo ni maangavu na baridi. Ukiyatazama kwenye glasi hushawishiki kuyatilia shaka, na nadhani ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mamlaka ya maji ya London, iliyokuwa ikinywesha watu maji ya mto Thames, ilikuwa ikitia klorini tangu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na uchafu wa mto kila mtu aliuona. Maji ya kisima kirefu cha chaki hayakumtisha mtu hivyo.

Kisima chenyewe kilikuwa Addington, kijiji cha pembeni mwa mji, na kiliwalisha maji watu wa mitaa ya kusini. Mwishoni mwa Septemba 1937 mafundi waliingia humo kufanya matengenezo, na kazi ikaendelea karibu mwezi mzima. Mitambo ya kuchuja na ya kutia klorini ilikuwepo. Wakati wa kazi hiyo haikutumika, na maji ya kisima chenye watu ndani yake yaliendelea kwa vipindi kusukumwa kwenda majumbani.

Mmoja wa mafundi wale alikuwa amebeba vimelea vya homa ya matumbo. Hakuwa mgonjwa. Aliamka, akala, akashuka kisimani na kupiga kazi kama wenzake. Ugonjwa huu una tabia hiyo: mtu anaugua, anapona, lakini kwa wachache vimelea vinajificha kwenye mfuko wa nyongo na kuendelea kutoka na choo kwa miaka, wakati mwingine maisha yote, bila yeye kujua.

Homa ya matumbo haijitokezi siku ile ile. Unaweza kunywa leo ukaanza kuumwa baada ya wiki moja, mbili, hata tatu, na ndiyo maana wagonjwa wa kwanza walianza kuonekana mwishoni mwa Oktoba, wakati kazi kisimani inakaribia kwisha. Mwanzoni daktari wa mtaa huu alimwona mtoto mwenye homa, daktari wa mtaa wa pili akamwona mama mwenye kichwa kinachogonga na tumbo lililojaa. Homa hupanda kidogo kila jioni kama mtu anayepanda ngazi. Wiki ya pili mgonjwa anaanza kuweweseka. Wiki ya tatu ndiyo ya hatari, vidonda vya utumbo vinapoweza kutoboka au kutoa damu. Dawa haikuwepo, kloramfenikoli, iliyokuwa ya kwanza kuutibu ugonjwa huu, ilikuja 1948. Mwaka 1937 kilichokuwepo ni uuguzi: kumlaza mgonjwa, kumpooza kwa maji, kumlisha vitu laini kwa kijiko, kubadilisha mashuka na kuyachemsha, na kungoja. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee. Najua kumgeuza mtu kitandani kila baada ya saa mbili, najua mgongo unavyouma ifikapo saa kumi usiku. Niliposoma kwamba waliougua walikuwa 341, sikuona namba, niliona mashuka.

Waliokufa walikuwa 43.

Mwanzoni mwa Novemba kisima kilitengwa. Wakazi wa kusini mwa Croydon hawakukaa kimya. Wazazi waliokuwa na watoto hospitalini walianza kulinganisha habari: wewe unakaa mtaa gani, maji yako yanatoka wapi, maziwa unanunua kwa nani. Waliunda kamati yao, wakadai uchunguzi wa hadharani, wakaupata. Desemba tume ikaketi, ikiongozwa na wakili H. L. Murphy, pembeni yake daktari mashuhuri Sir Humphry Rolleston na mhandisi wa maji. Taarifa ilitoka Februari 1938.

Tume ilisema mlipuko ulitokana na mambo matatu yaliyokutana kwa wakati mmoja: kulikuwa na watu wanafanya kazi kisimani, mmoja wao alibeba vimelea, na katika muda huo huo uchujaji na klorini havikufanya kazi. Ukiondoa moja tu kati ya hayo, watu 43 wanabaki hai.

Nilirudia sehemu hiyo mara nyingi. Lakini kilichonikaa rohoni ni kile tume ilichokigundua nyuma yake. Mganga mkuu wa mji, yule ambaye kazi yake ilikuwa kuulinda mji na maradhi ya namna hii hasa, hakuwa ameambiwa kwamba kuna watu wako ndani ya kisima. Watu wa uhandisi walijua habari za kisima. Watu wa afya walijua habari za homa. Walikuwa chini ya halmashauri moja, wakilipwa na kodi za watu wale wale, na kila upande ulishika nusu ya habari. Tume ilizungumzia kutoelewana na ukosefu wa mawasiliano kati ya maofisa. Kwa Kiswahili cha nyumbani: hawakuambiana.

Nilimpigia baba siku hiyo hiyo. Shikamoo, marahaba, habari za huko, kisha nikamsimulia yote tangu mwanzo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema, "Yule fundi asilaumiwe, mama."

Nikasema hakuna aliyemlaumu.

"Wewe hujamlaumu. Ila watu wa mtaani wangemlaumu. Kazi ya klorini ni kwamba huhitaji kujua nani kabeba nini. Ukiitia, umemlinda na yeye pia, asije akaua bila kujua. Walipoizima, walimwacha yule mtu peke yake."

Nimeishi na baba miaka yote hiyo, nimemwona akitikisa vile vichupa mamia ya asubuhi, na sikuwahi kuifikiria klorini hivyo.

Ndipo akanieleza kuhusu safu ya nne. Nilikuwa mdogo sana, ndiyo kwanza naanza shule. Alikuwa amehamishiwa mji mdogo kandokando ya ziwa ambao sitautaja. Asubuhi moja kidonge hakikubadilisha rangi. Akaongeza kingine, akadhani vidonge vimeisha nguvu. Maji yakabaki vile vile. Akapanda baiskeli hadi kwenye tangi la mji. Alikuta mafundi wamelifungua tangi kuziba ufa, wamevua viatu, wako ndani mpaka magotini, na ndoo ya klorini imewekwa kivulini imefunikwa. Maji yalikuwa yanaendelea kwenda. Walikuwa siku ya tatu. Ofisi yao ilijua, ofisi ya baba haikujua, na ofisi hizo mbili zilitenganishwa na mwembe mmoja tu. Alifunga koki kwa mkono wake, akaenda na kipaza sauti mtaa kwa mtaa kuwaambia watu wachemshe. Watoto wa shule waliharisha, wengine walilazwa. Hakufa mtu. "Mungu alituhurumia," alisema, "na Mungu si mpango wa kazi." Jioni hiyo alichukua rula na kalamu nyekundu.

Hakuwahi kusikia habari za Croydon. Darasani kwake alifundishwa vipimo, mitaro, minyoo, mbu, ukaguzi wa nyama. Somo la tangi alifundishwa na tangi.

Baada ya 1937 mambo yalibadilika Uingereza, na yalibadilika haraka. Kutia klorini kwenye maji ya umma, hata yale maangavu ya kisima kirefu, kukawa jambo la kawaida badala ya hiari. Wafanyakazi wa maji wakaanza kupimwa kabla ya kuruhusiwa kushuka visimani. Mahakamani, mwaka 1938, baba mmoja na binti yake aliyeugua waliishtaki halmashauri wakashinda. Na kile kidonge cha waridi cha baba yangu kina asili humu humu: kipimo hicho kilibuniwa na mkemia wa maji wa kaskazini mwa Uingereza, A. T. Palin, aliyekichapisha mwaka 1957. Kabla yake walitumia dawa iliyogeuza maji kuwa manjano.

Mwaka 1946 hadithi ya mbebaji ilijirudia mahali pengine, mji wa pwani wa Aberystwyth kule Wales, safari hii kwenye aiskrimu iliyotengenezwa na mtu aliyebeba vimelea vya homa ya matumbo bila kuumwa. Mwaka uliofuata serikali ikatoa kanuni kwamba mchanganyiko wa aiskrimu lazima upashwe moto kwa kiwango na muda maalumu kabla ya kugandishwa. Ukisoma taarifa za manispaa za miaka ya 1950 utashangaa wakaguzi walivyoifuatilia aiskrimu, sampuli baada ya sampuli, gari baada ya gari. Hawakuwa na chuki na starehe za watoto. Walikuwa na kumbukumbu.

Taarifa hizo za miaka ya 1950 ndizo nilizozipenda kuliko zote, na najua si kila mtu atanielewa. Hospitali zilikuwa zimechukuliwa na Huduma ya Taifa ya Afya tarehe 5 Julai 1948, na ungedhani mganga mkuu wa mji amebaki hana kazi. Kazi ilikuwa tele. Mkaguzi anapiga hodi kwenye nyumba yenye harufu, anaingiza moshi kwenye bomba la maji taka kwa mashine ya kupulizia, kisha anazunguka nyumba akitazama unatokea wapi. Ukionekana unafuka kando ya ukuta wa jikoni, bomba limepasuka hapo chini. Kama hajui mtaro wa nyumba hii unaungana na upi, anamimina rangi ya kijani chooni na kwenda kusubiri kwenye chemba ya mtaa wa pili. Baba alicheka kwa furaha niliposoma hapo. Na yeye alimwaga rangi, ingawa yake aliinunua kwa watengeneza mikeka. Sheria ya 1949 ilizipa halmashauri kazi ya kupambana na panya, na mitaro ya chini ya barabara ikawa inatiwa chambo kwa zamu, chemba baada ya chemba. Mwaka 1956 wakaguzi wa usafi wakabadilishiwa jina, wakawa wakaguzi wa afya ya umma.

Nyumbani kwa watu hali haikuwa ile tunayoifikiria tukisikia Ulaya. Sensa ya mwaka 1951 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya kaya hazina bafu la kudumu ndani. Bibi mmoja ninayemhudumia, ambaye amepita miaka 90, aliniambia akiwa ndani ya maji ya uvuguvugu, nikimsugua mgongo, kwamba kwao karai la bati lilitundikwa kwenye msumari uani, likishushwa Ijumaa jioni mbele ya moto, akaoga baba kwanza, kisha mama, kisha watoto kwa umri. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. "Maji yangu yalikuwa ya kijivu siku zote," alisema, akapitisha kiganja juu ya maji ya bafu taratibu.

Kitu kingine kinachojaza kurasa zile ni chanjo. Dondakoo, ugonjwa unaoziba koo la mtoto mpaka anashindwa kupumua, uliwapata watu zaidi ya 61,000 Uingereza mwaka 1940, na kuua 3,283. Kampeni ya chanjo ilianza wakati wa vita. Mwaka 1957 wagonjwa walikuwa 38 na waliokufa 6. Hilo halikuletwa na daktari mmoja mwenye kipaji. Lililetwa na wauguzi waliokwenda nyumba kwa nyumba kwa baiskeli na kuandika majina ya watoto kwenye kadi, na makarani waliozipanga kadi hizo kwenye makabati ili mtoto asipotokea, mtu ajue na aende kumuulizia.

Halafu moshi. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu juu ya London na viunga vyake, upepo ukagoma, na watu wapatao 4,000 wakahesabiwa kuwa wamekufa. Makadirio ya baadaye yamekwenda hadi 12,000. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 iliwapa madiwani uwezo wa kutangaza mitaa isiyoruhusiwa kutoa moshi, na mwenye nyumba aliyelazimika kubadilisha meko yake alirudishiwa sehemu saba za kumi za gharama. Hapa Croydon, kwenye barabara ya Purley Way, bado yamesimama mabomba mawili marefu ya moshi ya kituo cha zamani cha umeme. Chini yake sasa kuna duka la samani la IKEA. Nilikuwa nimekwenda kununua meza pale mara mbili bila kuinua kichwa.

Jumamosi moja ya Machi nilipanda tramu hadi Addington. Ni mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Unapita chini ya Lunar House, lile jengo la ghorofa 20 ambalo wengi wetu tunalijua kwa sababu ya mambo ya viza, kisha mji unalegea, miti inaongezeka, na unashuka kwenye kituo cha kijiji. Kulikuwa na manyunyu. Nilitembea kando ya shamba lililolimwa, na udongo ulikuwa na madoa meupe kila mahali kama mtu amemwaga unga. Nikainama nikaokota kipande. Ilikuwa chaki, nyepesi, inayoacha alama vidoleni, na pembeni yake mawe ya gumegume meusi yenye makali. Nilikisugua kipande kile kwa kidole gumba, nikafikiria mvua ile ile iliyokuwa inanilowesha ikishuka humo taratibu. Wakati huo mwanamke mmoja alipita na mbwa wake, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natafuta habari za kisima. Akasema amekulia hapo hapo na hajawahi kusikia kwamba kulikuwa na kisima.

Jioni nilimpigia baba nikamwonyesha kile kipande cha chaki kwenye kamera. Akanitaka nikisogeze karibu, nikigeuze, nikivunje. Nikakivunja. Kisha akasema nisubiri. Nilimsikia anavuta droo, anamwambia mama amtafutie miwani. Aliporudi alikuwa ameshika kauntabuku, si ile ya zamani, mpya, yenye jalada jekundu lenye vumbi la duka. Amestaafu miaka mingi. Sikujua kwamba bado ananunua.

"Nisomee polepole," akasema. "Tarehe?"

"Oktoba 1937."

"Mahali?"

"Kisima cha Addington, Croydon."

"Klorini?"

"Hakuna."

Akaandika. Nilisubiri aniulize safu ya nne, lakini hakuuliza. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, namwona paji la uso tu na mkono. Aliweka kalamu ya bluu mezani, akachukua nyekundu, na nikasikia rula ikiwekwa juu ya karatasi, kisha kalamu ikichora mstari taratibu kutoka upande mmoja wa safu hadi mwingine.